Nchi Isiyoota Migomba

Wazazi wa mume wangu walitoka Bungoma wakafika kwangu Kibomet Jumamosi moja kabla ya saa sita, na kabla hawajaketi nilijua wamefuata nini. Walikuwa wamefuata nguo.

Mume wangu alikuwa mtu wa vitunguu na viazi. Alikuwa akipanda mlimani, kupita Kapsokwony, kule ambako barabara imesimama kama ngazi, ananunua kwa wakulima na kuteremsha kwa pikipiki mpaka sokoni Kitale. Msimu mmoja wa mvua pikipiki yake ilipatikana imelala kando ya mto, magunia yangali yamefungwa nyuma, kamba haijalegea. Daraja la magogo lilikuwa limekwenda na maji. Yeye hakuonekana. Ndugu zake walifuata mto kwa miguu wakiuliza kila kijiji, mpaka walipochoka wakarudi. Huu ni mwaka wa nne.

Baadaye mtu mmoja wa Saboti alisema amemwona ng'ambo ya mpaka, upande wa Uganda, akiuza nyanya. Nilienda. Nilimpata mwanamume anayeuza nyanya, na kweli mabega yake yalifanana na ya mume wangu. Alinitazama kwa huruma kwa sababu nilikuwa nimesimama mbele ya biashara yake nikilia. Nikanunua nyanya, nikarudi nyumbani. Hata baada ya hapo sikusema mume wangu amekufa. Nilisema amepotea. Kanisani wakiniuliza tuombe nini, nilisema tuombe arudi, na wao wakaomba, ingawa niliona wengine wakitazamana kabla ya kufumba macho.

Kwetu mtu akipotea na mwili usipatikane, haachwi hivyo hivyo. Hukatwa shina la mgomba, likavishwa nguo yake, likazikwa bomani mahali ambapo yeye angezikwa. Watu wanalia, wanatupa udongo, mke ananyolewa, na kuanzia hapo anaitwa mjane. Nguo yenyewe haiwezi kuwa mpya ya dukani. Lazima iwe aliyoivaa mwenyewe, yenye jasho lake. Na anayeitoa ni mke. Mke akikataa, hakuna atakayeingia kwake kupekua sanduku. Ndiyo sababu mgomba wa mume wangu ulikuwa bado umesimama miaka hiyo yote. Ulikuwa unanisubiri mimi.

Na mimi nilikuwa na sababu yangu. Mtu akishazikwa hivyo kisha arudi, haruhusiwi kupita langoni kwao. Wanaomjua watakimbia. Niliona kwamba nikitoa shati nitakuwa nimemfungia nje kwa mkono wangu mwenyewe, na yeye huko aliko hajui.

Basi wakafika. Ninapokaa ni chumba kimoja cha kukodi, na kitanda kiko nyuma ya pazia. Baba mkwe haingii mahali penye kitanda cha mke wa mwanawe. Hatushikani mikono, hatuketi karibu, na tukizungumza kila mmoja hutazama kando. Kwa hiyo yeye alibaki nje barazani, kwenye kiti cha plastiki nilichoazima kwa jirani, chini ya dirisha langu. Chai yake niliiweka juu ya kigoda, nikarudi nyuma, ndipo akanyoosha mkono.

Mama mkwe aliingia, akaketi, akanikagua kuanzia kichwani.

"Umekonda," alisema. "Hiyo maharagwe unachambuanga, si wakupatie kidogo ukule?"

Mimi hufanya kibarua cha kuchambua maharagwe katika ghala moja mjini. "Tunapewa, mama."

"Wanakupatia ile mbovu."

"Mbovu ndiyo tunatoa tunatupa, mama."

"Si ndio nasema."

Binti yangu alicheka. Yuko chuo cha ualimu, na wikendi hiyo alikuwa amekuja nyumbani na kompyuta ndogo aliyoazima kwa mwenzake. Alimpa bibi yake mkate, akaenda kumpelekea babu yake kipande kingine nje, akarudi akaketi kitandani nyuma ya pazia ili sisi wawili tuongee.

"Tumekuja juu ya ile maneno," mama mkwe alisema.

"Najua, mama."

"Huyo mzee halali siku hizi. Kijana anamjia kwa ndoto, amelowa maji, anauliza atalala wapi. Sasa atamjibu nini?"

Nilimmiminia chai.

"Wewe hakujiangi?"

"Hapana, mama."

Ilikuwa kweli, na ilikuwa inaniuma. Nilikuwa nimelala miaka yote hiyo nikimngoja hata ndotoni, na yeye alikuwa akienda kwa baba yake.

"Mchungaji amekubali atakuja kuomba," aliendelea. "Ati lakini hawezi kusoma ibada ya mazishi juu ya ndizi."

"Juu ya mgomba, kukhu," binti yangu alisema kutoka nyuma ya pazia. Kukhu ni bibi, kwa lugha yetu.

"Ndizi, mgomba, na yeye mwenyewe akija kwangu anakula."

Mvua ikaanza hapo. Mvua ya Kitale ya mchana haibishi hodi. Bati lilipiga kelele hata ikabidi tunyamaze, na nilishukuru, kwa sababu swali lilikuwa limefika kwangu. Nilimsikia baba mkwe akivuta kiti chake kwenye saruji ili asinyeshewe. Hakuna mtu aliyeweza kwenda popote. Tuliketi tu, mama mkwe akitazama sanduku lililo juu ya kabati, na mimi nikimtazama akilitazama.

Binti yangu ndiye aliyetoka nyuma ya pazia na ile kompyuta.

"Kukhu, wacha nikuwekee muvi. Mwalimu wetu alituambia tuitafute. Ni ya zamani sana, imesifiwa dunia yote. Ni ya familia."

"Kuna kupigana?"

"Hakuna."

"Kuna kuoana?"

"Nafikiri kidogo. Mimi pia sijaiona."

"Weka. Bora isikuwe ile ya watu kutoa nguo."

Nilimtazama binti yangu kuona kama bibi yake amesema hivyo kwa makusudi, lakini yeye alikuwa ameinama anabonyeza vitu. Aliweka kompyuta juu ya meza, tukasogeza viti.

Mimi si mtu wa sinema. Tulipokuwa na televisheni mume wangu alikuwa akitazama mpira, mimi nikiendelea na kazi. Hii haikuwa na rangi. Watu walikuwa wakizungumza lugha ambayo hata binti yangu hakuijua, na chini yalikuwa yakipita maandishi ya Kiingereza. Binti alianza kumtafsiria bibi yake, lakini haikuchukua muda mama mkwe akainua mkono.

"Wewe nyamaza. Unakimbiza maneno na hiyo Kiswahili yenu ya town. Mama yako ndio anisomee."

Nilimwambia Kiingereza changu ni cha darasa la nane.

"Ndio nataka. Itakuja pole pole."

Kwa hiyo nikawa msomaji. Kwa sababu ya mvua ilibidi nisome kwa sauti kubwa, kama mtu anayetangaza kanisani. Nilisoma, nikakosea, binti akanisahihisha kwa sauti ndogo, nikarudia. Baada ya muda nilisikia kile kiti cha plastiki nje kikivutwa tena. Safari hii hakikuvutwa kukimbia mvua. Kilivutwa kuja chini ya dirisha kabisa.

Hadithi yenyewe ilikuwa nyepesi. Kuna seremala katika nchi ya baridi, na mke wake, na watoto wawili wakubwa, mvulana na msichana. Seremala ametengeneza meza na viti vinne kwa mkono wake. Wanakula, wanabishana juu ya chumvi, baba anamcheka kijana kwa nywele zake. Asubuhi moja kijana anaamka, anakunywa kitu cha moto amesimama, anavaa kofia, anatoka. Hakuna ugomvi wowote. Mlango unafungwa, na tunauona tu mlango. Hakurudi siku hiyo, wala nyingine.

"Ameenda wapi?" mama mkwe aliuliza.

"Hawajui."

"Si waulize majirani?"

"Wameuliza, mama. Ndio hao wanauliza."

Yule mama wa kwenye sinema alianza kumwekea kijana sahani kila jioni. Anaweka sahani, anaweka kijiko, anakisogeza kiti kidogo kutoka mezani kama vile mtu ameinuka hapo sasa hivi. Mama mkwe alitikisa kichwa akikubali.

"Huyo ni mama," alisema. Na mimi nilimkubali huyo mwanamke kabisa. Nilimpenda. Nilitaka kumwambia kwamba anafanya vizuri.

Halafu miaka ikapita. Ilionekana kwa nywele zake, na kwa ukuta ambao ulikuwa umebadilika rangi. Sahani bado ikawekwa. Msichana akapata mchumba, kijana mmoja mwenye masikio makubwa, na siku moja akamleta nyumbani kula. Mchumba akaingia, akasalimia, akavuta kile kiti cha nne aketi. Mama akasema maneno machache. Maandishi yakapita, nikayasoma kwa sauti ile ile ya kutangaza, kabla sijafikiri:

"Hapo pana mtu."

Mchumba akasimama. Hakikuwepo kiti kingine, kwa hiyo alikula amesimama, sahani mkononi, mpaka chakula kikaisha. Mama mkwe alicheka mpaka akashika tumbo.

"Mwangalie! Mkwe amesimama kama nguzo ya stima!"

Kisha picha ikageukia uso wa yule msichana, na mama mkwe akaacha kucheka.

Sikumtazama binti yangu, lakini niliweza kumwona kwa pembeni, anachubua rangi kwenye kucha. Kuna kijana anayemtaka. Mwaka uliopita alitaka kuleta wazee wake Bungoma waanze mazungumzo. Ndugu za mume wangu walisema hawawezi kuwapokea. Wakikaa mahali pa baba yake, na baba yake hajulikani kama yuko hai, watakuwa wamemnyang'anya kiti. Na kama amekufa, mbona hajazikwa? Kijana akaambiwa asubiri. Binti yangu aliniletea habari hiyo huku anapepeta mchele, hakuinua macho, hakuomba chochote. Alisema tu, "Wamesema bado, mama," na mimi nikasema, "Sawa."

"Hawa watu wana shida gani?" mama mkwe alisema sasa, kwa hasira. "Si wazike?"

"Wazike nini, kukhu? Hakuna mwili."

"Si mgomba."

"Huko migomba haimei. Ni baridi. Si unaona hiyo theluji yote?"

Mama mkwe alisogeza uso karibu na kioo, akaitazama ile theluji kwa makini, kama mtu anayetafuta mbuzi wake katika kundi la wengine.

"Hata moja?"

"Hata moja, kukhu."

"Basi ndio hii taabu yote," alisema. "Maskini. Hawana mgomba."

Hakuwa anafanya mzaha. Na hapo sauti ikatoka dirishani, sauti nzito ya mtu aliyenyamaza tangu asubuhi.

"Hawana mti mwingine?"

Mama mkwe akanigeukia. "Mzee anauliza kama hawana mti mwingine," alisema, kana kwamba sikusikia, kwa sababu hivyo ndivyo inavyofanywa.

"Wako nayo, kuka," binti yangu alimjibu babu yake. "Iko mingi. Inafanana na saipras."

Kiti kililia kidogo nje. Alikuwa anafikiri.

"Saipras haiwezi," alisema. "Haina maji ndani. Mgomba ukiukata unatoa maji. Ni kama mtu."

Binti alikuwa amesimamisha picha. Akaiachilia tena, nikaendelea kusoma. Lakini sasa nilijua kwamba ninasomea watu wawili, na mmoja wao ni mtu ambaye sijawahi kumtazama machoni tangu nilipoolewa.

Yule msichana wa sinema hakuolewa. Mwenye masikio makubwa alikuja mara chache tena, akila amesimama, halafu akaacha kuja, na hakuna mtu pale nyumbani aliyesema lolote juu yake. Nilianza kumchukia yule mama. Nasema kweli, nilimchukia jinsi mtu anavyomchukia jirani anayefanana naye. Alikuwa anapangusa kile kiti kwa kitambaa na binti yake amesimama nyuma yake, na hageuki. Nilitaka ageuke. Nilikuwa nasoma maneno ya Kiingereza na moyoni nasema, geuka, mwanamke, hata mara moja.

Ikaja baridi kali kuliko zote. Kuni zikaisha. Seremala alikuwa mzee sasa, amebanwa na kikohozi, na karakana yake imefungwa. Wakachoma sanduku, wakachoma rafu ya ukutani. Siku moja mama alitoka kwenda kutafuta chakula. Mzee akabaki ndani peke yake, amejifunika blanketi. Alikitazama kile kiti cha nne muda mrefu. Kisha akakichukua, akakiweka magotini kama mtoto, akaanza kukifungua kiungo kwa kiungo. Hakukipiga shoka. Alikuwa amekitengeneza yeye, alijua kinapofunguka. Akakiweka chote motoni.

Mama akarudi, theluji mabegani. Akaona moto mkubwa. Akaenda moja kwa moja, akanyoosha mikono, akaota moto, akafumba macho kwa raha. Halafu akayafumbua. Akatazama meza. Akamtazama mume wake. Akautazama moto.

Hakuna aliyesema neno. Hata chini hapakuwa na maandishi. Binti yao akaja akaketi upande wa pili wa moto. Yule mama alibaki hapo hapo, mikono bado imenyooshwa, uso wake hauonyeshi kitu, na picha ikakaa juu yake, ikakaa, ikakaa, mpaka ikawa giza na majina ya watu yakaanza kupanda.

Mimi nilikuwa nimeacha kusoma kwa sababu hapakuwa na cha kusoma. Mvua nayo ilikuwa imekuwa manyunyu tu. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba yuko mtu nje ambaye hakuona chochote. Yeye alisikia sauti yangu mpaka mahali kuni zilipoisha, basi.

"Imeisha?" aliuliza.

Mama mkwe alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya leso. Binti yangu alinitazama.

"Kijana alirudi?"

Safari hii hakumwambia mke wake aniulize. Alimwuliza msomaji, na msomaji ni mimi. Mama mkwe angeweza kujibu, alikuwa ameona kama mimi. Binti angeweza kujibu. Waliniachia. Nilifungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa bado ile kubwa ya kushindana na mvua, ikajaa chumba chote.

"Hakurudi, baba."

Nilisikia maneno hayo kana kwamba yamesemwa na mtu mwingine.

"Na kile kiti?"

"Baba yake amekichoma. Walikuwa wanasikia baridi."

"Mama yake akasema nini?"

"Hakusema kitu."

"Alinyamaza na hasira, ama alinyamaza tu?"

Nilifikiri. Sikutaka kumdanganya. "Sijui, baba. Picha imeishia hapo."

"Aliondoka kwa moto?"

"Hapana. Alibaki."

"Mm," alisema.

Ndiyo maneno mengi zaidi tuliyowahi kuambiana. Mama mkwe alifuta macho, akapenga kamasi. "Na hii ndio wanasifu dunia yote?" alimwuliza binti yangu. "Hata kucheza hakuna."

Nilimwuliza binti yangu baadaye kama aliileta makusudi. Alisema mwalimu aliwaambia tu waitafute, hakujua inahusu nini. Namwamini. Namwamini nusu.

Niliinuka nikashusha sanduku. Ningependa kuandika kwamba nilikuwa nimekata shauri, lakini mikono ilikwenda kabla yangu, na hata hivyo ilijaribu ujanja. Nilitoa shati la buluu, alilovaa sikukuu, zuri, nimelipiga pasi. Nilikuwa nikifua nguo zake zote kila mara, nikazianika, nikazipiga pasi, ili akirudi asikute zimeoza sandukuni. Nilimpa mama mkwe kwa mikono miwili.

Alilishika. Akalipeleka puani. Akalishusha.

"Hii ni sabuni," alisema, bila ukali.

Nilisimama hapo. Alikuwa amesema kweli, na mimi nilijua kabla hajasema. Kwa miaka mitatu na zaidi nilikuwa nikimfua mume wangu atoke katika nguo zake mwenyewe, nikidhani namtunza. Hakuna hata moja ndani ya lile sanduku iliyokuwa na yeye.

Ilikuwepo moja tu, na haikuwa sandukuni. Asubuhi ile ya mwisho kulikuwa na joto kidogo, akavua sweta mlangoni, akanitupia, akasema nimwekee. Sikulifua. Lilikuwa ndani ya foronya ya mto wangu, na hata binti yangu hakujua. Nilienda nyuma ya pazia, nikalitoa. Nilikaa nalo kitandani. Hakuna aliyeniita. Nililaza uso juu yake kama nilivyokuwa nikifanya usiku, halafu nikainuka, nikaenda nikampa mama yake.

Hakuhitaji kulifikisha puani. Vitunguu vilijaa chumba.

Aliketi chini pale pale sakafuni, mwanamke mzima mwenye magoti mabaya, akalipakata. Kisha akasema, "Ukitupatia hii hautabaki na kitu."

"Najua, mama."

"Unaweza kutoa ile ya sabuni. Mimi sitasema. Mzee hawezi kujua."

Alimaanisha. Angenifichia, hata mbele ya mume wake, hata mbele ya shimo. Nilimwambia achukue sweta.

Binti alimsaidia kusimama. Walitoka nalo nje, na mimi nikabaki mlangoni, upande wa ndani. Baba mkwe alivua kofia, akalipokea kwa mikono miwili, akageuza uso kwenye ukuta wa ploti. Alikaa hivyo mpaka majirani waliokuwa wakianua ndoo zao wakarudi ndani, wakaona ni vizuri kutupisha.

Tulizika wiki iliyofuata. Ndugu zake walikata mgomba, wa kwanza baba mkwe akaukataa, akasema mwanawe alikuwa mrefu kuliko huo, wakaenda kukata mwingine. Mikono ya sweta haikuwa na cha kuijaza, wakaifunga mbele kwa kamba ya katani. Maji ya mgomba yalikuwa yakipenya kwenye sufu na kuitia madoa meusi. Mchungaji aliomba amesimama mbali kidogo na shimo. Wanawake walinisukuma kiunoni nilie, na sikuweza. Nilitupa udongo kama nilivyoambiwa. Nililia baadaye, niliponyolewa, na hata hapo ni kwa sababu wembe ulikuwa butu na uliniumiza, kisha machozi yalipopata njia yakaendelea.

Wazee wa yule kijana anayemtaka binti yangu bado hawajaja, lakini wametuma salamu. Baba mkwe, kwa mujibu wa mama mkwe, analala. Mimi silali vizuri. Foronya bado inanukia kidogo, nikiibana sana puani. Sina hakika kwamba mume wangu amekufa. Watu wanadhani kuzika kumenipa hakika, hakukunipa.

Juzi nilikuwa ghalani, maharagwe mapajani, simu ikalia kwa namba nisiyoijua. Bado huwa naruka. Niliruka, maharagwe yakamwagika, wenzangu wakapiga kelele.

"Hallo, hii ni kwa mzee wa vitunguu?" mwanamume aliuliza. Alisema zamani alikuwa akinunua kwa mume wangu, ambaye simu yake haishiki, na hii namba aliwahi kupewa kama ya nyumbani. Alitaka gunia.

Wenzangu walikuwa wakiokota maharagwe chini ya miguu yangu. Nilitafuta neno ambalo si uongo.

"Tulimzika," nilisema. "Bungoma."

"Aki pole sana, mama. Sikujua." Akasafisha koo. "Na hapo sokoni, hakuna mwingine mwenye vitunguu unajua?"

Nilimwambia yuko mmoja, mzuri, hadanganyi kwenye mizani. Nikamtajia namba yake pole pole, na yeye akawa anairudia nyuma yangu.